Sikio la Ephantus na Mashine ya Dalmas

Wivu wa Ephantus ulianza siku Mama Bhagwanti aliposhuka garini na kuuliza, "Dalmas yuko?"

Kwa miaka kumi na minane mama huyo, mwenye duka la vitambaa mjini Nakuru, alikuwa akiingia gereji ya Parminder na kumwita Ephantus kwa jina. Mafundi wengine walikuwa "boss" tu. Ephantus aligonga tairi kwa spana, akatega sikio, akasema, "Hii imepungua, mama." Kipimo kikiletwa, kinakubali. Sifa hizo zilimshibisha kuliko ugali. Mkewe Wachuka alizisikia kila jioni mpaka zikamchosha.

Halafu, mwaka huo wa 2007, mama akanunua gari lililotoka Uingereza. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na kidude kinachopima upepo na kupeleka habari mbele ya dereva. Upepo ukipungua, taa ya manjano inawaka na gari linaonyesha ni gurudumu lipi. Jamani, gari linajisemea lenyewe! Parminder akanunua mashine ya mkononi ya kusoma vidude hivyo, akamtuma Dalmas Nairobi wiki tatu kujifunza.

Angetumwa mgeni, Ephantus angevumilia. Lakini Dalmas! Waliajiriwa mwezi mmoja, wakafagia uwanja kwa ufagio mmoja, wakala githeri sahani moja. Kumwonea wivu tajiri ni kujichosha bure. Anayekuuma ni yule mliyeanza naye sifuri. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio, lakini wahenga hawakumwona Dalmas akisimama kando ya gari lile, mikono safi, huku mama akimsikiliza kama daktari. Ephantus aliyaona hayo kila Alhamisi, siku ya mama kuja gereji.

Alhamisi moja ya Agosti mama alileta gari libadilishwe magurudumu, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, ili yaishe sawasawa. Kazi hiyo ilikuwa ya Ephantus. Akimaliza, Dalmas huja na mashine kulifundisha gari nafasi mpya, la sivyo litaendelea kuyataja magurudumu kwa nafasi za zamani. Ephantus alilijua hilo vizuri sana. Lakini Dalmas alikuwa ameenda kula, na mama, akiwa na mjukuu wake Payal, alikuwa na haraka ya kwenda Naivasha.

"Iko tayari?" mama akauliza.

"Iko tayari kabisa, mama," Ephantus akasema, akampa ufunguo.

Hakutaka mtu aumie. Alitaka kidude kiseme uongo mara moja tu, mbele ya mama, ili mama akumbuke sikio lake.

Jioni gari lilirudi limekokotwa. Mama alishuka, na Payal alikuwa amevimba mdomo.

Walipokuwa wakirudi, karibu na Gilgil, taa iliwaka. Gari likaonyesha gurudumu la nyuma kushoto. Kwenye kituo cha petroli wakalijaza upepo mpaka likawa gumu kama jiwe, wakaambiwa taa itazima mbele ya safari. Kumbe msumari ulikuwa kwenye gurudumu la mbele kushoto, lile lililotolewa nyuma mchana ule. Walipofika Kariandusi likapasuka, gari likavuta kushoto na kuingia kwenye nyasi, na mtoto akagonga mdomo kwenye kiti.

"Nani alimaliza hii kazi?" Parminder akafoka. "Aseme saa hii. Huyo mtu anaenda nyumbani leo!"

Dalmas aliinama na mashine yake, akapita gurudumu baada ya gurudumu. Kila kidude kina nambari yake, na nambari hazidanganyi: gari lilikuwa bado na nafasi za zamani. Aliposimama alimtazama Ephantus kidogo tu. 

"Ni mimi, boss," Dalmas akasema. "Nilisahau kufundisha gari. Mama, pole sana. Pole, Payal."

Ephantus alifungua kinywa. Aliona karo za watoto wanne, akaona uso wa Wachuka. Kinywa kikajifunga.

Mama Bhagwanti akamgeukia mwenye gereji. "Parminder, huyu usimfukuze," akasema. "Watu wa kukubali makosa ni wachache. Na kutoka leo, gari yangu iguswe na Dalmas peke yake. Hata nati moja, sitaki mtu mwingine."

Mama alipoondoka kwa teksi, Dalmas alikuja kunawa mikono bombani, kando ya Ephantus.

"Mzee, una watoto shuleni. Mimi wangu wamemaliza," alisema polepole. "Lakini usinirudie hiyo kitu."

"Asante," Ephantus akasema, na neno lenyewe likatoka kama limevutwa kwa koleo.

Alijua kwamba mtu mwenye utu angelia pale kwa shukrani. Yeye alimtazama Dalmas akijifuta mikono, na wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa mashine. Kutumia mashine angeweza kufundishwa. Moyo ule angeupata wapi?