Maganda ya Karanga Nyumbani kwa Mhariri

Gazeti letu lilinituma Makole nikamhoji Mzee Yohana, aliyekuwa mhariri wa kigazeti cha wapigania uhuru. Nilimkuta barazani, nikampa shikamoo. Akaniitikia vizuri, akaacha karatasi kuukuu mezani, akaingia ndani kutafuta miwani.

Mkewe akaniletea sahani ya karanga za maganda, akarudi zake jikoni. Mimi najidai mtu wa usafi. Sikutaka kumchafulia bibi baraza aliyoifagia, kwa hiyo nikaikunjua ile karatasi na kumenyea karanga juu yake. Nilipomaliza niliikunja na maganda yake, nikaitumbukiza kwenye jiko la mkaa lililokuwa pembeni yangu. Ikashika moto mara moja. Nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimelelewa.

Mzee akatoka, miwani puani.

"Mjukuu wangu, gazeti letu nilibakiwa na nakala moja tu. Polisi wa mkoloni walinipekulia mpaka godoro ili wakaichome, hawakuiona."

Akapapasa meza, akainama kuangalia chini.

"Nimeiacha hapa sasa hivi. Umeshaisoma?"

Nilikuwa bado natafuna.