Anayeporomoka Ameshika Vidonge Vyangu

Ukitoka kwetu Mlola kwenda Lushoto, ipo nyumba ya mawe waliyoijenga Wajerumani. Kuta nene, utadhani waliapa hawatoki. Siku hizi watu wanaweka humo mbegu za viazi. Babu aliniambia baba yake alibeba mawe yale huku akiamini Mjerumani ni wa milele, halafu babu akacheka peke yake. Zamani na mimi nilicheka. Sasa nikipita pale natazama pembeni.

Maana mimi ninaishi kwa nguvu za taifa jingine. Nilipokuwa shule ya msingi, Marekani kwangu ilikuwa unga wa njano wa msaada, tuliula tukinung'unika kwamba unanuka. Nilipofiwa na mume, ikawa dawa. Yeye aliondoka na virusi vya Ukimwi, mimi nikabaki navyo, na vidonge vyao vikaninyanyua kitandani hadi nikarudi kulima karoti. Sikuwahi kujiuliza itakuwaje wao wakichoka. Mkubwa ni mkubwa, nilidhani haishiwi.

Kijijini hakuna aliyejua. Sisi wa huku milimani tuna namna yetu: dawa hii huifuati zahanati ya karibu, ambako wanakujua wewe mpaka mbuzi wako. Unajitwika tenga la karoti siku ya gulio, unakwenda mbali, unauza, halafu unapenya kliniki. Aliyenitesa ni wifi yangu, dada wa marehemu, mwanamke asiye na breki mdomoni.

“Wifi, karoti hata hapa zinanunuliwa,” alikuwa akinitania mbele za watu. “Huko Lushoto umeweka bwana?”

Nacheka, najitwika tenga langu, naondoka.

Basi juzi juzi redio ikatangaza kwamba Wamarekani wamesimamisha misaada, wanataka kujiangalia wenyewe kwanza. Wanaume pale dukani wakaanza kubishana: huyu keshaanza kuporomoka, anayepanda sasa ni Mchina. Walinogewa kama wanaozungumzia mpira. Mimi nilikuwa nanunua chumvi, nikaimwaga. Huyo wanayemcheka kwamba anaporomoka, ameshika vidonge vyangu, na sina wa kumwambia.

Siku ya gulio nikaikuta kliniki ya Lushoto ina kufuli. Mlinzi alinionea huruma. “Mama, mradi umefungwa. Kila mtu akachukulie kijijini kwake, na uwahi, hakuna anayejua dawa zitafika mpaka lini.”

Nilirudi na karoti zangu zote, sikukumbuka hata kuuza. Niliogopa kufa, na niliogopa mdomo wa wifi, na sitaki kudanganya, kuna siku sikujua ninaogopa kipi zaidi. Vidonge vilipokaribia kuisha nikaamua kwenda zahanati ya kijijini. Nikajitwika tenga vilevile, sijui nilikuwa namdanganya nani, zahanati haina soko.

Kwenye benchi, nje ya mlango wa dawa hizo, alikuwa amekaa wifi yangu. Miguuni pake palikuwa na tenga la karoti.

Nilisubiri aseme neno. Alisogea kidogo, akapigapiga benchi kwa kiganja, nikakaa.

“Tangu lini, wifi?” nikamuuliza.

“Kabla yako. Nilikuwa nachukulia Malindi yetu ya huku milimani.”

“Na yale maneno ya bwana wa Lushoto?”

“Nilikuwa nakuwahi, usije ukaniuliza mimi karoti zangu nazipeleka wapi.”

Nesi alituita pamoja. Alitupa vidonge vichache kuliko tulivyozoea, akasema turudi mapema, tuombe Mungu vitakuwepo. Tukajitwika matenga, tukapanda mlima. Tulipofika njia panda ya kwake, wifi alisimama, akanishika mkono.

“Wifi,” akasema, “wale wakianguka kabisa, sisi tunafanyaje?”

Miaka yote mwanamke huyu hakukosa jibu. Mimi nilikuwa nimetembea njia nzima nikisubiri aniambie yeye.