Figa la Natalia

Jiwe la mgodini likipondwa hutoa harufu ya njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi. Harufu hiyo ndiyo utoto wangu. Nyuma ya kwetu, kijijini Buger, palikuwa na mgodi wa dhahabu uliochimbwa enzi za wakoloni kisha ukaachwa. Kiangazi kile, mahindi yalipokwisha kuvunwa, baba alitupeleka mimi na mdogo wangu Natalia kwenye vifusi vyake kila jioni. Babu aliwahi kuchimba humo, akamfundisha baba kusoma mawe, na sasa baba alitafuta mtoto wa kumrithisha. Mimi ndiye kifungua mimba. Sikuwa na shaka kwamba ni mimi.

Kumbe! Nilimpelekea jiwe linalong'aa manjano, akaliponda, likawa unga mweusi. "Hii siyo, mwanangu. Dhahabu ukiigonga inalala bapa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Natalia akaleta jiwe jeupe, kubwa kama kichwa cha mbuzi, lenye kutu na madoa ya kijani. Baba akalilamba ili rangi zitokee, akacheka. "Kijani ni shaba, kutu ni chuma kilichooza. Dhahabu hupenda kukaa na hawa. Huyu ana jicho la babu yake!" Tangu hapo Natalia alibeba nyundo, mimi nikabeba maji. Wivu ukaniingia.

Asubuhi moja, mama akiwa kisimani, niling'oa figa moja jikoni, nikaweka jiwe la Natalia mahali pake, nikachochea kuni chini ya chungu cha maharage. Nilitaka liungue tu. Maharage hayajachemka, likapasuka kwa kishindo, chungu kikapinduka. Baba akaja mbio. Ndani ya ufa mlikuwa na uzi mwembamba wa manjano. Akaubonyeza kwa sindano, ukabonyea bila kuvunjika. Akambeba Natalia juu juu. Mama alidhani Natalia ndiye aliyeliweka pale, Natalia akadhani ni mama. Mimi nilizoa maharage.

Leo Natalia ni mtaalamu wa miamba. Akija Krismasi huwasimulia wanangu kwamba volkano za Ngorongoro ni changa mno mbele ya mwamba wetu, nao hukaa midomo wazi, chai yangu ikipoa. Baba alipofariki alimwachia nyundo. Nusu ya jiwe ninayo mimi, nazuilia mlango wa chumbani. Kila mwaka Natalia huliulizia, nami humwambia lilipotea. Krismasi iliyopita binti yangu mdogo alilamba jiwe hilo, akauliza kijani hiki ni nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nikafunga mlango kwanza, mama yake mdogo asije akasikia, ndipo nikamjibu.