Andika malaria

Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya hapa Bujumbura, nikingojea dawa yangu ya presha. Mbele yangu fundi magari mmoja wa mtaa wa Jabe, kofia kichwani, vidole vyeusi kwa grisi, aliinama mpaka karibu na sikio la muuguzi wa mapokezi.

"Dada, tangu Ramadhani usingizi umenikimbia. Niko chini ya gari, mara machozi inatoka tu."

Muuguzi aliacha kuandika, akageukia mlango wa mwenzake kule mwisho wa korido, akapaza sauti: "Niko na mutu wa kichwa hapa. Namutuma wapi?"

Mtu wa kichwa, yaani mwenye wazimu: benchi lote likageuka. Mama mmoja akavuta mkoba wake karibu. Fundi akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Apana, dada," akasema. "Andika malaria."

Na yule dada akaandika malaria. Hakuuliza hata swali moja.

Nina hasira mpaka leo, na si na watu wa benchi. Sisi tunaogopa neno "wazimu" kwa sababu hakuna aliyetufundisha. Muuguzi yeye amesomea, amevaa koti jeupe, na ukutani, juu ya kichwa chake, wamebandika bango kubwa: *Una mawazo mazito? Ongea na muuguzi.*

Fundi aliongea. Wakamtoboa kidole, wakakuta hana malaria, wakamwambia ni mzima, arudi kazini.