Wimbo Tulioufungia Ndani ya Filamu

Habari ya kifo chake niliipata sokoni Kisii, nikiwa nimeinama juu ya mikungu ya ndizi niliyokuwa nasaidia kushusha. Mama mmoja muuzaji kutoka Suneka, ambaye hajawahi kuniita kwa jina langu, alinigusa bega akasema, "Wewe mzururaji, yule mwimbaji wenu wa Nyamira ameenda. Ameenda jana asubuhi." Kabla sijajinyoosha aliongeza, "Na ile sinema yake? Imekuja?" Hakuniambia siku ya mazishi, wala hakunipa pole. Sinema kwanza. Nilimjibu kwamba sijui, na nadhani hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulijibu swali hilo kwa ukweli.

Jina lake silitaji, kwa sababu safu hii haina mazoea ya kuwataja watu, na pia kwa sababu wanaomfahamu hawahitaji kutajiwa. Kwa wengine nitasema tu kwamba alikuwa mpigaji wa obokano, ile ala yetu kubwa ya nyuzi nane inayonguruma chini kwa chini kama ng'ombe aliyeshiba, na kwamba nyimbo zake alizitunga mwenyewe. Wimbo wake mkuu ulikuwa mmoja, mrefu kama siku nzima. Ulizitaja nyumba za upande wetu moja baada ya nyingine, tangu nyuma ya mlima Manga hadi upande wa pili wa Nyamira, na kila nyumba ilikuwa na ubeti wake: walikotoka, nani alichimba chemchemi, nani alipotea asirudi. Akialikwa kwenu kwenye harusi au sherehe ya kumpokea mtoto, aliuimba ubeti wa nyumba yenu na kuishia hapo. Hakuna aliyemwomba ubeti wa jirani. Ilikuwa adabu. Ubeti wa watu ulikuwa kama chungu chao kilichoko jikoni. Unaweza kujua kipo, lakini huendi kukifunua. Kwa hiyo kila nyumba ilijua ubeti mmoja, na wimbo mzima ulikaa kwa mtu mmoja tu. Hatukuliona hilo kuwa jambo la kuogopesha. Mtu mwenyewe alikuwa na kifua kipana, na vicheko vyake vilisikika hadi ng'ambo ya bonde.

Wasomaji wa siku nyingi mnajua kwamba shule niliiacha mapema, nikiwa bado sijajifunza kukaa mahali pamoja. Nilisikia kazini, katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii nilipokuwa nafagia, kwamba watu wa filamu wanakuja kutoka Nairobi kumpiga picha mwimbaji wetu. Niliuacha ufagio pale ulipokuwa. Nilipofika kwake nyumba ilikuwa imezungukwa na watu. Wageni walikuwa wawili, na gari lao lilikuwa limekwama kwenye tope chini ya mteremko, hivyo walinituma mara moja nibebe nyaya na sanduku la sauti. Yule mkubwa wao, mtu mpole aliyevaa kofia ya jua, alimwomba mwimbaji aimbe wimbo wote, nyumba zote, bila kuruka. Mzee aliwaza kidogo. Kisha akasema, "Kama ni wote, basi watu wakae chini, maana hata mimi sijawahi kuusikia."

Tulicheka, naye akaanza. Aliimba tangu umande haujakauka hadi ng'ombe waliporudi kutoka mtoni. Jambo ninalolikumbuka zaidi ni hili: ubeti wa nyumba fulani ulipofika, watu wa nyumba hiyo waliinua vichwa na wengine wote wakatazama chini, kama mtu anayepita karibu na wenzake wakila. Tulikuwa pale watu wengi sana, wimbo mzima ukaimbwa mbele yetu, na kila mmoja wetu aliondoka na ubeti wake uleule aliokuja nao. Mashine ndiyo iliyousikia wote. Wageni walipokuwa wakifunga mikebe yao ya bati, yule mwenye kofia alimshika mzee mkono akasema, "Mzee, tafadhali, usiuimbe tena mahali popote mpaka filamu itoke. Tunataka watu wausikie mara ya kwanza pale." Mzee aliitikia. Wakala pamoja ugali wa wimbi na kuku, na kwa mtu kama yeye, neno ulilolitoa kabla ya kula na watu hulirudishi mfukoni.

Hapo ndipo kungoja kulipoanza. Mwaka wa kwanza kungoja huko kulikuwa sherehe. Walioalika watu harusini walisema, "Mwaka huu hatuna obokano, lakini subirini filamu." Watu waliulizana kama nyuso zao zitaonekana, na mwanamke mmoja alijutia kwamba siku ile alivaa leso iliyotoboka. Wasabato wa kijiji, ambao kwao sinema si jambo la mchezo, walikubaliana kimyakimya kwamba hii ni habari ya babu zetu, hivyo itatazamika, bora isiwe Jumamosi. Mwaka wa pili barua ilikuja ikisema filamu bado inakatwa. Nilipowasomea, fundi wa baiskeli pale sokoni alikasirika. "Inakatwa tena? Kwani wimbo ni migomba?" Tulicheka, lakini si kama tulivyocheka mwanzo. Mwaka wa tatu barua haikuja. Nilianza kuona jambo ambalo sikulitilia maanani: watu walikuwa wameacha hata kuimba kwa kunong'ona. Zamani ungewasikia wachumaji wa chai wakiutafuna ubeti wao mmojammoja mashambani. Sasa mashamba yalikuwa kimya, unasikia majani tu yakivunjwa. Ukimuuliza mtu alikuambia, "Uko kwenye filamu," kama anayekuambia ng'ombe yuko zizini.

Na sauti ya mzee ilianza kukwaruza. Mwanzo tulidhani ni vumbi la kupepeta wimbi. Kisha ikawa kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Mganga wa zahanati alimtazama kooni, akamwandikia aende hospitali kubwa. Mzee alisema ataenda filamu ikishakuja. Obokano yake niliikuta imeegemezwa ukutani, nyuzi zimegeukia udongo. Nilipouliza kwa nini, mkewe alisema mzee mwenyewe ndiye aliyeigeuza, kwa sababu upepo ukipita ulikuwa ukiitikisa.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa mchana, jua kali, maua ya pareto yameanikwa kwenye mikeka uani. Nilikuwa nimepita kutoka mjini kama kawaida yangu. Mimi sina shamba wala mke. Kwa miaka mingi nimelishwa katika nyumba za watu kwa kazi ya kuwaletea habari, na anayeleta habari njema hupewa kiti karibu na chakula. Mkewe aliponiona tu alinikalisha mbele ya mzee. Binti yao mkubwa alikuwepo, amekuja kutoka kwa mumewe Suneka kumuuguza baba.

"Mwambie, baba," mama yule aliniambia, maana wanawake wa rika lake huwaita hivyo hata vijana. "Wewe anakusikia. Mwambie amfundishe huyu mtoto wimbo. Hata nusu."

Mzee alitikisa kichwa. Sauti ilitoka nyembamba, tukalazimika kuinama. "Nusu ya nini? Ukiimba nusu, waliobaki watauliza nyumba zao zimekosa nini. Hiyo ni vita."

"Basi wote, tata," binti alisema, akimwita baba kwa lugha yetu. "Mimi sina haraka. Migomba ya mume wangu haina miguu."

Mzee alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa muda mrefu kuliko kicheko. Alipopumua alinitazama mimi. "Wewe unayetembea. Filamu iko wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Miezi kadhaa sikuwa nimesikia neno lolote. Lakini walikuwa watatu, wote wananitazama, na mama alikuwa ameshaniwekea bakuli mapajani. Nikasema, "Imekwisha, tata. Iko Nairobi. Baada ya mavuno gari la sinema litaileta Nyamira."

"Umeona au umesikia?"

"Nimesikia kwa mtu aliyeona."

Uso wake ulifunguka. Alimgeukia mkewe kama mtu aliyeshinda kesi. "Unaona? Mavuno ni kesho kutwa. Tutakaa mbele ya kitambaa chao mimi na binti, nitamfundisha nikijisikia mwenyewe, nisiruke nyumba ya mtu. Na neno langu kwa wale wageni litakuwa salama."

Mama aliinuka akaenda kugeuza pareto. Ile namna alivyogeuza maua yale, taratibu, moja moja, kana kwamba anatafuta kitu kilichoanguka chini yake, naiona hadi leo. Nadhani alijua nasema uongo. Nilikula nikashiba.

Mavuno yalikuja, gari la sinema likaja pia, likaonyesha namna ya kuosha mikono na namna ya kuogesha ng'ombe dawa, likaondoka. Wakati huo mzee alikuwa anazungumza kwa vidole. Binti alikaa naye akijaribu kuutoa wimbo kwa maswali: nyumba ipi hufuata ipi? Alionyesha milima kwa kidole kupitia mlangoni. Milima aliipata yote. Maneno hayakuwa tena na koo la kuyatoa, na kuandika hakuwahi kujifunza.

Nimekuwa nikifikiri tangu siku hiyo juu ya mambo yetu mengine. Tunaishi katika miaka ya vitu vinavyokuja. Barabara inakuja, umeme unakuja, kiwanda kingine cha chai kinakuja, na mimi si mtu wa kuvikataa. Nimetembea kwenye tope vya kutosha kujua thamani ya lami. Lakini nimeona watu wakiacha kutengeneza daraja la miti kwa sababu daraja la saruji limepimwa, kisha mvua ikaja kabla ya saruji. Nimeona mwalimu akiacha kuwasimulia watoto hadithi za kwao kwa sababu amesikia kitabu kitachapwa. Kitu kinachokuja kina nguvu ya ajabu: hakijafika, na tayari kimekitoa nje kile kilichokuwepo. Na kila mahali kipo kiumbe kama mimi, mwenye viatu vya vumbi, anayepita akisema kimefika Nairobi.

Tulimzika karibu na nyumba yake, mbele ya watu waliojaa hadi kwenye mashamba ya chai. Mzee wa ukoo alisimama akasema kwamba mtu huyu alizitaja nyumba zetu zote maisha yake yote, kwa hiyo leo kila nyumba isimame na kuimba ubeti wake, tumrudishie wimbo wake mzima. Lilikuwa wazo zuri na tulilipokea kwa sauti kubwa. Nyumba ya kwanza ilisimama ikaimba vizuri. Ya pili ilianza, ikakwama katikati, wakaanza kunong'onezana kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Nyumba ya tatu hakuna aliyesimama. Aliyejua alikuwa bibi yao, naye alizikwa mwaka uliopita. Ukimya ulikaa pale ulipostahili kukaa ubeti, na watu wakatazama chini, lakini safari hii haikuwa adabu. Nyumba ya nne, ya tano. Mjane aliimba ubeti wa kwao alikozaliwa, wa watu waliovuka mto wakiwa na jiwe la kusagia kichwani na kukataa kulitua hadi mvua iliponyesha. Aliuimba wote bila kukosea. Kisha mashimo yakaendelea, mapana zaidi, hadi mzee wa ukoo akainua mkono akasema inatosha, mvua inakuja. Mvua haikuwa inakuja. Tulipokuwa tukiteremka nilimsikia mtu nyuma yangu akisema bila wasiwasi wowote, "Si neno. Filamu ikija tutajua."

Wiki hii nimenunua daftari. Binti wa marehemu alinipa mpangilio wa nyumba kama alivyoonyeshwa na kidole cha baba yake, nami nimeanza kuzipitia nikiomba kila nyumba inipe ilichobaki nacho. Kwa mjane ndiko nilikoanzia, na kabla sijaandika neno nilimwambia kwamba siku ile ya pareto nilidanganya. Alisema, "Najua. Andika."

Nyumba iliyofuata ni ya bibi mmoja mzee sana, wa mwisho kwao anayejua ubeti, anayepumua kwa shida hata akiwa amekaa. Nilimsalimu, nikamweleza nilichokuja kutaka. Alinisikiliza vizuri, akanipapasa mkono, akatabasamu kwa huruma kama unavyomtabasamia mtu asiye na subira.

"Kwa nini nikuimbie kwa makosa, mjukuu wangu?" alisema. "Si ulituambia wewe mwenyewe iko Nairobi? Tungoje."

Nilimwambia kwamba nilidanganya. Nilimwambia mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu. Alinitazama kwa mashaka, kisha akaniambia kwamba watu wa mjini siku hizi hubadili maneno, na kwamba yeye ataamini lile la kwanza. Nitarudi kwake kesho, na kesho kutwa, akiwa bado yupo. Ninyi mnaosoma haya, kama nyumbani kwenu yuko mtu anayejua kitu peke yake, mkalieni leo mpaka akitoe, na akija msafiri kuwaambia kwamba kimeshahifadhiwa mahali, msimpe kiti.