Mgebuka Anayekata Pumzi

Juzi mchana, kwa mama ntilie wa jirani na stendi hapa Mpanda, Mchina mmoja, fundi wa barabara, alionja mgebuka wa mchuzi, akaweka mkono kifuani, akafumba macho. "Mama," akasema, "samaki huyu anakata pumzi."

Mama akatupa upawa. "Mungu wangu, mwiba!" Akaanza kumpiga makofi mgongoni, huku sisi wengine tukigombania kumpa maji.

"Hapana, mama! Ni sifa!" Akatuonyesha simu. Kumbe Kiingereza anajifunzia kwenye uhakiki wa filamu. Neno asilolijua analitafutia Kichina chake, halafu Kiswahili chetu. "Filamu ikiwa nzuri mno, kwa Kiingereza wanaandika inakata pumzi."

"Na hiyo filamu umeiona?" nikamuuliza.

"Bado. Nasoma kwanza, nijue nitasemaje."

Mkono wa mama ulikuwa bado mgongoni kwake. "Hebu rudia, baba," akasema taratibu. "Ile ya samaki."

Jamani! Mtu katoka na Kichina, akapitia Kiingereza, akafika kwenye Kiswahili na sifa ya mama mkononi. Mimi nakula hapo kila siku, na sijawahi kumwambia zaidi ya "Mama, ongeza mchuzi."