Ndege Isiyobeba Bunduki

Kwa nini Mama alirudi kwa yule mzee? Nilijiuliza nikiwa na miaka tisa, nikamuuliza yeye mwenyewe, nikamuuliza hata mwalimu wa shule ya Jumapili, na hakuna aliyenipa jibu la kunitosha. Nami, mtaniwia radhi, nilikuwa mtoto asiyetoshwa na majibu. Hadi leo nikipita mbele ya duka la samaki na chipsi kwenye barabara kuu ya Erdington, huku Uingereza, na harufu ya siki ikanipiga puani, siwazi samaki. Nawaza sebule ya Mzee Len.

Sebule ile ilinuka siki kutwa, ingawa hakuna aliyekula chipsi mle. Harufu ilitoka kwenye mikebe ya filamu za zamani aliyoipanga nyuma ya kochi. Filamu zikizeeka huchacha kama maziwa. Mama alifungua dirisha kila tulipofika, na Mzee akalalamika kwamba tunataka kumwua kwa baridi.

Mama alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Asubuhi alivaa sare yake ya zambarau, tukapanda basi kutoka Kingstanding, naye akaenda kuogesha, kulisha na kuvisha watu ambao watoto wao walikuwa mbali. Kanuni za kazi hazikuniruhusu kwenda naye. Lakini shule zilikuwa zimefungwa, nyumbani hapakuwa na wa kukaa nami, na Mzee Len, aliyepooza upande wa kushoto, alisema niletwe tu, kwani televisheni imemchosha.

"Jambo, mama! Lete chai!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Kiswahili alikiokota Nairobi alipokuwa askari kijana, na kilikuwa cha amri tupu: lete, weka, toa, upesi. Neno la kuomba hakuwa nalo.

"Chai itakuja, Mista Len," Mama alimjibu, "lakini hapa si kambini. Sema tafadhali."

"Tafazali."

"Si haba. Mwakani tutakufundisha asante."

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. Mama hakuweza kumwita Len peke yake kama wahudumu wengine walivyofanya. Kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu kulimkwama kooni, hivyo akambandika hiyo Mista.

Wenzake wa zamani walikuwa wamempa Mzee kazi ya kuandika historia ya kikosi chao cha ndege za kupiga picha. Aliipenda historia ile kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Alinisimulia jinsi marubani wa kwanza walivyoruka bila bunduki hata moja, kamera zimefungwa tumboni mwa ndege, kinga yao ikiwa ni mbio na kimo tu. Juu kule baridi iligandisha mvuke kwenye lenzi. Rubani aliyegeuka kumkabili adui alikaripiwa, na aliyekimbia akarudi na picha akapewa bia. Jambo hilo lilinifurahisha mno. Jeshi linalosifu kukimbia! Nilimuuliza maswali mpaka Mama akanikata jicho.

Kazi ya Mzee mwenyewe ilikuwa chini, kusoma picha. Alikuwa na kifaa kidogo cha lenzi mbili chenye miguu ya chuma. Ndege ilipiga picha mfululizo ikisonga mbele, kwa hiyo kila sehemu ya ardhi ilionekana katika picha mbili, kutoka pembe mbili tofauti. Ukiziweka mbili hizo kando kwa kando chini ya lenzi, ukatulia, ghafla ardhi inainuka. Milima inasimama. Miti inakujia machoni. Mara ya kwanza nilirudi nyuma nikampiga Mama kiwiko.

Siku moja alisikia Mama ametoka Murang'a. Akaniagiza nitoe bahasha ya picha za huko chini ya kabati. Mama alikuwa amepiga magoti kwenye zulia akimwosha miguu katika beseni. Alifuta mikono kwenye aproni, akaziweka picha mbili chini ya lenzi mwenyewe, akainama.

"Mista Len, picha zako ni mbovu. Hapa mto umepanda juu ya mlima."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Ilikuwa kosa la kila mwanagenzi kikosini. Picha ya kushoto ukiiweka kulia, ulimwengu unapinduka, mabonde yanakuwa vilele na mito inatiririka mgongoni mwa milima. "Zibadilishe, zibadilishe!" Mama akazibadilisha, akainama tena. Kisha akasema taratibu, kwa Kiswahili, kana kwamba ananiambia mimi, "Pale mito inapokutana. Ile ni shule ya misheni. Na hapa juu ndipo kwa kina Shosho, kabla hawajachomewa nyumba."

Shosho ni mama yake Mama. Nilijua kwamba zamani, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipopambana na wapiganaji wa msituni, nyumba za mgongo ule wa mlima zilichomwa, watu wakafungiwa katika kijiji chenye ua wa miti iliyochongoka, na kwamba kaka mkubwa wa Shosho aliingia msituni asirudi tena. Nililijua hilo kama watoto wanavyojua mambo ya nyumbani, kwa kusikia watu wazima wakinyamaza.

Mama alirudi kwenye beseni. Mimi nikauliza, kwa Kiingereza, kwani Kiswahili nilikielewa lakini sikukizungumza: "Mlizipiga za nini?"

"Za kutengenezea ramani," Mzee akasema.

"Ramani tu?"

Mama aliniita jina langu kwa sauti ya chini. Mzee akainua mkono wake mzima kumzuia.

"Hapana," akasema. "Si ramani tu. Kulikuwa na ndege nyingine, za mabomu. Sisi hatukuangusha hata moja. Sisi tulionyesha mahali." Akautazama msitu uliokuwa pembeni mwa picha, mweusi kama manyoya ya paka. "Njia nyembamba ikiingia msituni, niliizungushia duara. Nilikuwa hodari wa njia."

Nilimtazama Mama, kwa sababu mguu wa mzee bado ulikuwa mkononi mwake. Nilidhani atauachia. Aliutoa majini, akaukausha, akapitisha taulo katikati ya vidole kimoja baada ya kingine kama alivyofundishwa, akamvisha soksi. Akamwaga maji. Tukaondoka bila chai na bila kwaheri, na dirisha likabaki wazi.

Kwenye basi alitazama nje safari yote. Jioni ile alimpigia Shosho simu, wakazungumza muda mrefu kwa Kikuyu, lugha ambayo hakunifundisha. Niliketi kwenye ngazi nikisikiliza sauti ikipanda, ikivunjika, halafu, jambo lililonishangaza, ikicheka. Asubuhi akavaa sare ya zambarau.

"Tunarudi?" nikauliza. "Kwa mtu yule?"

"Mgonjwa haulizwi alikotoka," akasema. Huo ulikuwa msemo wake wa kazi, na hata wakati ule niliuona kama kifuniko juu ya sufuria inayochemka.

Mzee hakusalimu kwa amri siku ile. Alisema, "Nilidhani watanitumia mtu mwingine." Mama akamwambia ainue mkono avuliwe fulana. Alipomaliza kazi alivuta kiti, akaweka picha mbili chini ya lenzi, ya kushoto kushoto na ya kulia kulia, akainama. Katika historia ya Mzee kila mgongo wa mlima ulikuwa na nambari. Mama alimtajia majina ya migongo hiyo, na mzee akayaandika kwa herufi za kutetemeka, akimwomba ayarudie. Ikawa desturi yao mpaka Mzee alipofariki. Kazi kwanza, kisha lenzi, Mama akiinama juu ya picha zile zile mbili hadi shingo ikamuuma. Nilidhani anaitazama nyumba ya kina Shosho.

Baadaye nilisoma chuo kikuu pale Edgbaston, nikajifunza kuzidadisi picha kama zile, na nikawa na hasira nyingi zenye ushahidi. Nilimwambia Mama kwamba kutoka kimo kile paa linaonekana, njia inaonekana, lakini mtu haonekani kabisa. Alinisikiliza huku akikunja nguo zilizofuliwa. "Najua," akasema. "Mista Len aliniambia tangu mwanzo."

Ndipo aliponieleza simu ile. Alikuwa amekwishaiomba ofisi imwondoe kwa mzee, nayo ilikuwa imekubali. Kisha akampigia Shosho. Shosho alilia kwa ajili ya kaka yake. Halafu akauliza kama ndege yenyewe ilikuwa ile ya rangi ya fedha, iliyopita asubuhi mbingu ikiwa safi. Mwalimu wa shule ya misheni alikuwa amewaambia watoto kwamba inapiga picha. Kwa hiyo kila walipoisikia walikimbia hadi uwanja wa shule, penye nafasi, wakasimama wima na kuipungia mikono yote miwili, Shosho mbele yao, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupigwa picha.

Shosho hana picha nyingine ya utoto wake.